Ubao wa Mwani Pale Malaba

Mama Wafula,

Nakuandikia kwa aibu. Tangu mishipa ya moyo wako ilipoziba ukaniacha, kazi yangu imekuwa kuwasahihisha watu. Hukukosea uliponiita polisi wa ngeli.

Pale Malaba mpakani, kwenye foleni ya malori, yule mchuuzi Amoit siku hizi huwauzia madereva unga wa mwani, ule mmea wa baharini. Alikuwa ameandika ubaoni: “Mwani inatoa mafuta kwa mishipa.” Akaniita, “Mwalimu, hii Kiswahili iko sawa, ama watanicheka?” Nikachukua chaki, nikaandika: “Mwani huondoa mafuta mishipani.” Akanipigia makofi. Niliondoka nimenyoosha mgongo.

Ungalikuwapo, ungaliniuliza lile swali lako la jikoni, ulilouliza kila nilipokukatiza nikusahihishe: “Sawa, Mwalimu, lakini ni kweli?” Lilikuwa likiniudhi sana.

Juzi nilikwenda Butula kumwona mdogo wako, Nabwire. Nilimkuta ameshika fremu ya mlango, anahema. Vidonge vyake vya kolesteroli ameviacha; anakunywa uji wa mwani. “Shemeji, si ni wewe uliandika ile ubao niliona Malaba? Na wewe hukoseangi.”

Mama Wafula, ugonjwa ni ule ule wako.

Nilimpeleka kliniki. Daktari alinieleza kwa upole, nao upole wake ulinichoma. Wataalamu wanavichunguza viambato vilivyomo katika mwani. Baadhi huenda vikanasa kolesteroli tumboni kabla haijaingia katika damu. Lakini haijathibitishwa kwamba mwani hufungua mishipa iliyoziba, wala hauchukui nafasi ya vidonge.

Huenda. Neno hilo nimelifundisha maisha yangu yote. Ubaoni niliandika “huondoa”, kana kwamba ni jambo la kila siku, kama vile jua huchomoza. Nilirekebisha ngeli, nikauacha uongo, tena nikaupendezesha.

Nabwire amerudia vidonge. Kesho asubuhi nakwenda Malaba kuufuta ubao ule mbele ya madereva. Amoit atanuna, na ana haki; nitamweleza kwamba kosa si lake. Na nakuahidi, mtu yeyote akiniletea sentensi, nitaanza na swali lako, ndipo niitazame sarufi.

Pumzika, mke wangu. Jana Nabwire aliniambia, “Kifua yangu iko sawa sasa, shemeji.” Sikuigusa sentensi hiyo. Nilimwuliza tu: ni kweli?

Mumeo,
Mwalimu