Sauti ya Mhunzi

Jumapili, 2 Machi 2025
Tumecheza tena. Watu watano, kila mtu kwake, tumeunganishwa na kompyuta tu. Nancy yuko Mwanza, ndiye anayesimulia hadithi. Sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake, anarusha kete kwenye skrini. Kaka Gamaliel, kule Kamachumu kwa Mama, mhusika wake bado ni mhunzi. Zamani alikuwa akiunguruma mpaka spika zinakwaruza. Tangu operesheni ya koo, mwezi wa kumi, anaandika. Leo maneno sita tu, kwa saa mbili nzima.

Jumatano, 5 Machi
Misa ya Majivu, halafu kazini. Jioni nimeanza picha. Kwenye mchezo mhusika unaweza kumwekea picha yake inayotembea: kete ikitoa ishirini, namba ya juu kabisa, anakatiza skrini sekunde tatu, na sauti juu yake. Nimemchora mhunzi kwa ndevu za Gamaliel. Nyundo inapanda, cheche zinaruka.
Sauti? Nimerudi kwenye meseji za sauti za mwaka juzi. Ipo moja, "Pisheni, mhunzi anapita!" Nimeikata. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.
Sijamuuliza. Nataka afurahi ghafla.

Jumapili, 9 Machi
Nilikuja Kamachumu jana, kusudi nimwone uso. Tulikuwa sebuleni, Mama jikoni nje anamenya ndizi. Saa kumi hivi Gamaliel akapata ishirini. Mhunzi akapita, nyundo juu, na ile sauti ikajaa nyumba.
Mama akaja mbio. Kisu mkononi, utomvu vidoleni. Anamtazama Gamaliel mdomo.
"Omwana wange, mwanangu, umesema?"
Nikamweleza Mama — ni picha, sauti ni ya zamani. Akasema sawa. Akakaa palepale sakafuni. Gamaliel alifunga kompyuta, akaenda kibanjani, kwenye migomba.
Tumekula tumechelewa.

Jumanne, 11 Machi
Bukoba. Meseji ya Gamaliel, neno moja: Itoe.
Nikaomba radhi. Ndipo akaandika kwa kirefu. Kwamba mhunzi wake sasa ni bubu, yeye ameshaanza kumzoea, na mimi nimemletea marehemu.
Nimelia chooni, ofisini.
Mama naye kapiga. Anauliza kama ile sauti inaweza kuingia kwenye simu yake ya kitochi.

Jumamosi, 15 Machi
Kamachumu. Kwenye mchezo nimeshaitoa. Nyundo inashuka bila sauti. Gamaliel kaiangalia, kaitikia kwa kichwa, kisha kaniandikia kwenye karatasi: mfanye mzee kidogo. Nilidhani yameisha.
Mchana kaenda dukani. Mama kanivuta chumbani kwake, kafunga mlango. Anajua ile sauti bado ipo simuni kwangu. Akasema hata sauti ya marehemu baba yetu hakubaki nayo.
"Mara moja tu, Klaudia. Polepole."
Tukaweka simu chini ya blanketi, vichwa pamoja. Mara moja. Akaomba tena. Ya tatu ilipoisha tukasikia kandambili za Gamaliel ukumbini. Zikasimama mlangoni.
Hagongi.
Naandika hapahapa, ukingoni mwa kitanda, maana sijui nifanye nini kingine. Kivuli cha miguu yake bado kiko chini ya mlango. Mama ameikumbatia simu, ananinong'oneza nisifungue.