Uliyeniuliza Chiriku Alikuwa na Nani

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu,

U mzima huko? Kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo, ila shemeji yako na goti lake, kila mgeni lazima asimuliwe.

Kwenye simu nilikwambia mwanao Chiriku kajifungua salama, mtoto wa kike. Ukaniuliza, "Alikuwa na nani?" laini ikakatika. Najua swali hilo limekukosesha raha.

Zahanati yetu ipo, ila chumba cha kuzalishia wamekifunga. Mimi mkunga mzima siku hizi napima matumbo tu. Wajawazito wote wanakwenda hospitali kuu, tena wanatakiwa wakasubiri bwenini huko kabla ya siku zao. Sikatai, kule kuna damu na kuna daktari wa upasuaji. Wapo walio hai leo kwa sababu hiyo. Lakini ndugu mwisho mlangoni.

Chiriku wetu akagoma. "Mama mkubwa, nikakae na watu nisiowajua, nani atanikanda mgongo?" Nikamgombeza mpaka sauti ikakauka. Wapi! Uchungu ulipoanza akanificha. Nilishtuka alipokuwa anaanika nguo akanyamaza. Huyo kunyamaza, si unamjua! Nikaita gari la wagonjwa, roho mkononi.

Mlangoni mwa wodi muuguzi mmoja, binti mdogo tu, akanizuia: "Ndugu wasubiri nje." Jamani! Hayo hayo nimewaambia ndugu za wajawazito miaka yote. Nikasema mimi ni mkunga. Akajibu, "Wakunga tunao." Nikasema, "Basi mimi ni mama yake." Akanitazama, akanipa gauni, sharti nisiguse kitu.

Nikasimama upande wa kichwani. Mimi niliyezoea upande wa pili! Mikono iliniwasha, lakini nikatulia, nikamshika mkono tu.

Uchungu ulipombana kweli hakuniita mimi. Alikuita wewe. "Mama! Mama, uko wapi?" Sikufikiri mara mbili. Nikamwinamia nikaitika, "Nipo, mwanangu," kwa sauti yako kabisa, ile ya kubembeleza. Akafumba macho, akanibana vidole, akasukuma.

Usininunie, mdogo wangu. Ningekuwa mimi niko mbali, ningeomba uniitikie.

Msalimie shemeji, na yule mwanangu mrefu. Mungu akuweke mpaka umpakate mjukuu wako mwenyewe.

Wako akupendaye,
Dada yako.