Mkunja Miavuli Aomba Uhamisho

Tarehe 4 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya karakana hayaniachi. Vumbi linaingia puani kama lina hati ya nyumba. Goti lako linaendeleaje? Mama bado anakufukuza kitini ukatembee?

Baba, nina jambo, nimeliandika mara tatu nikalichana. Nimeomba kuhama jeshi la anga niende la nchi kavu, kwa sababu huko ndiko wanakofanya mchujo wa kikosi maalumu. Ndiyo, makomando. Usiweke barua chini, endelea kusoma.

Unajua kazi yangu. Miaka minne nakunja miavuli ya kurukia. Natandaza kitambaa kwenye meza ndefu, nanyoosha kamba moja moja, nafunga, naandika namba yangu kwenye kadi. Mwezi wa kumi na moja alikuja komando mmoja kuchukua wake. Akasoma kadi, akaniuliza, "Wewe koplo, umewahi kuruka?" Nikasema hapana. "Sasa unajuaje kama unafunguka?" Akacheka, akaenda zake. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kila mwavuli ninaoukunja naona unaniuliza vilevile.

Nitavuliwa cheo nianze chini. Sijali. Shida ni umri. Wanaingiza watu Aprili na Agosti tu, na hawapokei aliyetimiza miaka ishirini na minane. Mimi naitimiza Septemba.

Niombee.

Mwanao

Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nilimsomea Mama yako akiwa anatunga uzi kwenye sindano. Akasema, "Mtoto kakua. Mbona wewe ndiye unayeirudia barua mara tatu?"

Sina la kukuzuia. Ila huko ulipo una kazi ya heshima, una meza, una paa juu ya kichwa. Hao wanaoruka wanarudi salama kwa sababu ya mikono yako. Mtu akikuuliza swali la kejeli, si lazima ulijibu kwa mwili wako.

Nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa jeshini miaka ishirini na miwili. Najua zaidi ya ninavyosema. Fikiri tena.

Baba yako

Tarehe 20 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini nyumbani wote wazima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Faili langu halionekani. Wa Aprili wameshaenda, nimebaki. Kila Jumatatu napanga foleni kwenye dirisha la uhamisho. Karani anafungua kabati, anafunga kabati. "Linashughulikiwa, koplo." Linashughulikiwa na nani, wakati humo ndani yuko yeye na feni? Jana nikamwambia, lisipopatikana kabla ya Agosti, basi tena, maisha yangu yote. Akaniangalia kwa huruma, kisha akatupa jicho kwenye mlango wa ofisi ya ndani.

Hapo nikaanza kuogopa, Baba. Kuna mtu hanitaki, na sijui nimemkosea nini. Kila asubuhi nakimbia na begi la mchanga mgongoni. Najifunza kuogelea, nameza maji kama ngamia. Yote hayo ya nini, kama kuna mkono umenishika shati nyuma?

Una marafiki wa zamani kule makao makuu. Hakuna wa kumuuliza?

Mwanao

Tarehe 2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima. Kaa chini kwanza.

Mtu huyo ni mimi.

Unamkumbuka Mihuri, tuliyemwita hivyo kwa kupenda kugonga mihuri hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi? Ndiye aliyeko ofisi ya ndani. Mwezi wa pili nilipanda basi nikaenda kwake, nikamwambia, "Liweke chini ya mengine." Akauliza, "Mpaka lini?" Nikasema, "Mpaka Oktoba." Akaniagizia chai. Ilikuwa rahisi hivyo.

Sikia sababu, kisha unitukane. Kazi yangu sikuwahi kuwasimulia. Niliwabeba vijana kutoka mafunzoni. Si vitani, mafunzoni. Siku moja nakimbiza gari, king'ora juu, napita taa nyekundu, nyuma kuna kijana aliyeanguka kutoka kwenye kamba ya mwamba. Muuguzi akagonga kioo. "Punguza mwendo," akasema. "Hatuna haraka tena." Nikapunguza. Kwenye taa iliyofuata nikasimama kama gari la mboga. Uliponiandikia "makomando", nilisikia kile kioo kinagongwa.

Mama yako nimemwambia jana. Ananiwekea chakula mezani, anaondoka.

Nisamehe.

Baba yako

Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Wiki ya saba sina jibu, na ni haki yako. Nimerudi kwa Mihuri. Safari hii Mama yako alikuja nami. Akavuta kiti, akasema hatoki mpaka aone faili kwa macho yake. Likatolewa chini ya rundo la maombi ya likizo. Likagongwa mihuri minne. Nadhani miwili ilikuwa ya woga tu. Limekwenda.

Hata ukinijibu kwa matusi nitashukuru.

Baba yako

Tarehe 30 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nimeitwa. Naondoka kesho kutwa. Simu zinakusanywa, anwani iko nyuma ya bahasha.

Siku zote mambo yangu nilikuwa nakuambia wewe kwanza. Usiniandikie mpaka nianze mimi. Nisalimie Mama.

Mwanao

Tarehe 11 Oktoba

Mwanangu,

Najua ulinikataza. Leo taarifa ya habari ya saa saba mchana imesema askari mmoja wa mafunzo maalumu amekufa maji. Jina hawakutaja, mpaka ndugu wajulishwe. Ndugu ni mimi? Tangu hapo nimekaa mlangoni. Kila gari linalopunguza mwendo barabarani, nainuka. Mama yako anafua nguo alizokwisha kuzifua. Nimepiga simu kambini, aliyepokea akasema, "Subiri taarifa rasmi, mzee."

Andika neno moja tu. Andika "nipo".

Baba yako

Tarehe 17 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Nipo.

Aliyekufa ni mwenzangu. Tulimwita Twiga kwa urefu wake. Tulifungwa wawili wawili kwa kamba kiunoni, tukiwa na kombati na buti, tuvuke bwawa. Katikati kamba ikawa nzito. Nikamwita, "Twiga, piga miguu!" Akasema, "Napiga." Baba, hakuwa anapiga. Nilimvuta mpaka mikono ikaacha kunisikia. Maji yakanifunika mara mbili. Mkufunzi akatufikia kwa boti, akakata kamba, akanipandisha mimi kwanza kwa kuwa nilikuwa karibu zaidi. Kwa kuwa nilikuwa karibu. Linanila, hilo.

Asubuhi yake wakatupanga mstari. "Anayetaka kurudi kikosi chake cha zamani, gari lile pale. Hakuna atakayemcheka." Wakapanda wanne. Mimi mguu mmoja ulishakanyaga ngazi ya gari. Nikaushusha. Usiwaambie watu ni ujasiri, sijui ni nini. Mchana nikaingia majini na mwenzangu mpya. Nikavuka. Lakini hofu haijaondoka. Hata kunawa uso naogopa.

Sijakusamehe yote. Ila maji yaliponifunika, nilikuita wewe.

Jumapili ya tarehe mbili ni siku ya wazazi, langoni, kuanzia saa tatu. Njoo na Mama. Tuzungumze uso kwa uso, mengine hayaandikiki.

Mwanao

Tarehe 2 Novemba

Mwanangu,

Hujambo, popote ulipo. Sisi wazima, tuko hapa langoni, naandika juu ya kiti alichotuazima mlinzi.

Tumefika saa mbili na nusu, wa kwanza kabisa. Mlinzi akashusha kidole kwenye orodha, akakipandisha tena. "Hawa wameondoka Ijumaa, mzee." Wapi? "Sijui, na ningejua nisingesema." Mafunzo au kazi? Akaingia kibandani, akaniletea kiti.

Wazazi wengine wakaja, wakaambiwa hivyohivyo. Tumesimama kama abiria wa basi lililofutwa. Mama wa mwenzako mmoja ameuliza kama mmechukua nguo za baridi. Hakuna anayejua kama huko mliko kuna baridi. Mama yako amemshika mkono, wamekaa ukingoni mwa barabara.

Njia nzima nilikuwa narudia maneno ya kukuambia, mpaka abiria wa mbele akageuka. Sasa nayaandika, ingawa yanasomeka mafupi kuliko nilivyoyabeba. Nilikukosea. Nilitaka kulinda roho yangu, nikaiita yako. Umevuka yale maji, na mimi baba yako najivunia mpaka naona haya. Na naogopa, mwanangu. Sitakudanganya tena kwa hilo wala kwa jingine.

Mlinzi anasema mfuko wa barua zenu unapelekwa kila Alhamisi. Wa kurudi, hana uhakika. Nitaandika kila wiki, hata kama ni habari za kuku wa jirani. Jibu ukipata nafasi, usijisumbue. Lakini jibu.

Baba yako