Uji Niliobeba Kwenda Katumba

Jumatano, 11 Juni

Mama Elia,

Uji wa mchele asubuhi, mwepesi, chumvi kidogo. Dawa baada ya uji. Chooni mara mbili kabla ya kufungua kibanda. Nimeshona sare za shule mpaka mchana. Tumbo limetulia.

Jumamosi tunakwenda Katumba kwa kina Devota, mchumba wa Elia, kupanga mahari. Watapika. Toka uzikwe sijala kwa watu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukikaa kushoto kwangu kwenye shughuli. Maharage yalitoka sahani yangu yakaenda yako bila mtu kuona. Watu wakasema mke wa fundi anakula kama mkulima. Ulikuwa ukicheka tu. Aibu ilikuwa yangu, wewe ukaibeba.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetaka kumwambia mshenga wetu, Mzee Bosco. Nimeshindwa. Mwanaume mzima nianzeje kusema habari za damu chooni? Elia mwenyewe anajua nina vidonda vya tumbo, basi. Hajui kuwa ni utumbo, na kwamba daktari alisema hautapona, utatulizwa tu.

Maharage siwezi. Maziwa siwezi. Mboga za majani, pilipili, mafuta mengi, siwezi. Kule watapika hivyo hivyo vyote, kwa heshima yangu.

Nitapika uji mapema, nitie kwenye chupa ya chai. Itakaa ndani ya mfuko, chini ya vitenge vya kumpa mama mkwe wa Elia. Nikipata nafasi nitakunywa pembeni.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeharibu.

Walitupokea vizuri. Ugali wa muhogo, maharage ya mawese, mboga za lengalenga. Baba Devota alionja kwanza mbele yetu, kila chungu, halafu akanywa togwa funda moja ndipo akatupa sisi. Ndiyo desturi yao. Mgeni aone kwa macho kwamba chakula ni salama.

Nikasema nimeshiba. Baba Devota akachukua kijiko, akala kutoka sahani yangu mimi, akanirudishia. Nikasema tena nimeshiba. Mzee Bosco akataka kuokoa mambo kwa utani.

"Fundi, leo umejishona mdomo?"

Wakacheka. Baba Devota hakucheka.

Niliomba choo, nikabeba mfuko; vitenge vilikuwa vimeshawekwa mkekani. Nikarudi kwa kupitia nyuma, penye banda la kukaushia tumbaku. Njaa ilikuwa imenizidi. Nikatoa chupa, nikamimina uji kwenye kifuniko. Mama Devota akatokea kuchukua kuni. Akaniangalia mimi, akaangalia chupa.

"Baba Elia, umekuja kwangu na chakula chako?"

Ningeweza kusema hapo hapo na yakaisha. Nilimwaga uji chini, nikafunga kifuniko kama mwizi.

Tuliporudi kukaa, Baba Devota alisema kwa upole kwamba mahari tutaongea siku nyingine. Hakuitaja siku. Vitenge vilibaki mkekani, hakuna aliyevigusa.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Tumbo limechafuka, kwa hofu nadhani.

Elia alikuja jioni. Hakukaa. Devota amemlilia kwa simu. Alipokuwa anasoma hapa mjini wenzake hawakunywa maji kwenye kikombe chake, eti watu wa Katumba wanaweka vitu kwenye chakula. Sasa baba mkwe naye amekuja na chupa.

"Kama humtaki, ungesema hapa nyumbani. Siyo kwenda kuwaambia wazazi wake ni wachawi."

Nilitaka kumweleza. Nikasema nilikuwa naumwa. Akasema kila siku unaumwa, akaondoka. Chai niliyomwekea imepoa mezani.

Mtoto mpole huyu. Hajawahi kunijibu hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Katumba peke yangu, kwa bodaboda. Sikubeba chochote cha kula. Njiani nilimsimamisha kijana aliyenibeba, nikaingia porini. Alisubiri huku ameangalia upande mwingine. Namshukuru.

Mama Devota alikuwa anachambua maharage uani. Alinipa kigoda, akarudi kwenye maharage yake. Nikasema nikiwa nimeangalia ungo wake.

"Mkwe, sikuogopa chakula chako. Mimi naharisha damu. Ni miaka. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa akila sehemu yangu, watu wasijue."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hajasikia. Halafu akauliza nakula nini. Nikamtajia: mchele, ndizi, viazi, samaki wa kuchemsha.

"Nyie wanaume," akasema. "Tungekosana watoto wasioane, kwa sababu ya kuona haya kutaja choo?"

Akamwita mumewe. Ikabidi niseme tena, mbele yake, yote. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Jasho lilinitoka kama nimelima. Baba Devota aliangalia shamba. Kisha akasema yeye alinihesabu kama wale waliokataa kikombe cha binti yake. Akasema pole.

Alichemsha ndizi na chumvi, mama yule. Akamega moja akala, ndipo akanipa. Nikala nikamaliza. Macho yalijaa machozi, nikasingizia moshi.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Elia. Alishika kichwa. Kisha akauliza kama wewe ulijua. Nikamwambia ulijua toka mwanzo. Hapo ndipo alipolia. Sijui alikuwa anatulilia sote au wewe peke yako.

Jumamosi, 28 Juni

Mahari imekubaliwa. Harusi itakuwa tumbaku ikishauzwa.

Mama Devota aliniwekea viazi na samaki kwenye sahani ya peke yangu, mbele ya watu wote. Wajomba zake Devota wakatazama. Akawaambia huyu ana tumbo bovu, mwacheni ale. Hivyo tu, kama mtu anayesema huyu ana kikohozi. Masikio yaliniwaka. Nilikula nimeinama.

Aibu haijaisha, Mama Elia. Sidhani kama itaisha. Ila Devota aliponawisha watu mikono alianzia kwangu, akaniita baba.

Jioni imepoa. Nimefagia kibanda, nimefunika cherehani. Huko uliko, unikumbuke.