Rangi ya Mkono wa Baba

Nyumbani,
Nyuma ya bekari.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama anwani uliyompa mama bado ni yako, basi itakukuta kweli. Hujambo? Kile kifua chako cha utotoni kimepona, au bado kinakusumbua wakati wa baridi? Sisi tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna neno. Mimi nimenenepa, usicheke.

Najua hukutegemea kusikia habari za baba kutoka kwangu, na huenda hutaki kuzisikia kabisa. Nivumilie. Mwaka jana mashine ya kukandia unga ilimkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Alikuwa anatoa donge lililonasa bila kuizima. Unamjua baba yetu, angemfukuza mfanyakazi yeyote kwa kosa hilo. Hatukukuandikia kwa sababu alikataza, nasi tukatii kama tulivyozoea. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Jeraha lilipopona tulimpeleka kwa fundi wa viungo bandia. Ni dada mmoja mpole, ana kidude cha kupimia rangi, ukubwa wake kama tochi. Anakibandika kwenye ngozi, kinamulika mara moja, namba zinatokea, halafu kompyuta inamwambia achanganye rangi zipi kwenye silikoni, ule mpira laini wa kutengenezea mkono. Hakiumi hata kidogo. Baba alikiamini kuliko anavyotuamini sisi.

Shida ikawa mkono wa kushoto, ule uliobaki. Unakumbuka ulivyo: tanuri limeuunguza mara nyingi, hapa kovu limepauka, pale pamebaki wekundu. Kila alipogusa fundi palitoka jibu jingine. Akachukua wastani wa vipimo vyote, akatengeneza mkono wa kwanza, nao ukatoka wa kijivu, rangi isiyo ya mtu yeyote. Baba aliutazama akasema ni wa maiti. Anauvaa, lakini hautoki mfukoni. Wateja wakija anawaambia waweke hela mezani wenyewe.

Fundi hakukata tamaa. Alimpima upya upande wa ndani wa mkono, juu karibu na kwapa, ambako moto haujawahi kufika, apate rangi yake halisi. Ila pale hakuna vifundo vya vidole wala kiganja wala kucha, na mkono si rangi moja, kila sehemu ina yake. Kwa hiyo akatuomba ndugu tuje tupimwe pale pale karibu na kwapa. Atakayelingana na baba, mkono wake ndio utakaonakiliwa.

Basi tukaenda, mimi, mdogo wetu Bonge, na shangazi, pamoja na baba na mama. Shangazi alikuwa amejipaka losheni mpaka anameremeta, akaambiwa akanawe kwanza, akanuna siku nzima. Namba zetu zote zikawa mbali. Fundi, ambaye hajui ya nyumba hii, akasema kwa nia njema kabisa kwamba mzee ndiye mweusi kuliko sisi sote, kazi ni kumpata wa kumfikia.

Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Baba huyu aliyejiita maji ya kunde maisha yake yote, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, nani angembishia? Huyu huyu aliyekuwa anakuonyesha kwa wageni na kuuliza weusi ule umetoka nyumba gani. Watu wakicheka, nasi wadogo tukacheka kwa kuwafuata, mama anainuka kwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Mpaka siku ile aliposema mbele ya wafanyakazi kwamba bekari yake hairithiwi na mtoto asiyejulikana alikotoka, nawe ukafunga mizigo.

Fundi akauliza kama kuna mtoto mwingine. Baba akajibu hakuna.

Sijawahi kumsikia mama akimpinga baba mbele ya mgeni. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akasema taratibu, "Yupo mwingine. Amefanana na wewe kuliko hawa wote, na ulikuwa unajua."

Fundi alijifanya kutafuta kitu kwenye droo. Baadaye alinieleza pembeni kwamba rangi si ushahidi wa damu, tusije tukaelewa vibaya. Nilimwambia mama hakuwahi kuhitaji ushahidi. Aliyeuhitaji ni yule pale mwenye mkono mfukoni, na sasa hajui auweke wapi uso wake.

Tangu siku hiyo baba haongei. Mikate imeungua mara kadhaa na hakumgombeza mtu, jambo ambalo limewatia wafanyakazi hofu kuliko kelele zake. Mama naye amempa nafasi ya kunyamaza, ila habembelezi. Nyumba imekuwa nzito, Kaka. Ninapomwona baba anahangaika kufunga vifungo vya shati namhurumia, halafu nakukumbuka wewe, na huruma inanichanganyikia na hasira.

Juzi tulikuwa tunapanga mikate kwenye rafu, mimi na yeye tu. Fundi alishatuambia kwamba jua hubadilisha mkono wa mtu, anayeshinda ndani na anayeshinda nje hawawi sawa. Baba akaniuliza bila kunitazama, "Yule anafanya kazi ya ndani au ya juani?"

Hakusema "mwanangu". Hakusema "nimekosa", na sidhani kama analijua neno lenyewe linavyotamkwa. Lakini nilielewa anamuulizia nani, na anauliza nini. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sijui. Miaka yote hii, ndugu yangu wa tumbo moja, sijui asubuhi unakwenda wapi. Nikalia pale pale mbele ya mikate.

Sikuombi umsamehe, hilo ni lako. Mlango wa fundi uko wazi ukitaka kuja, usipotaka hakuna atakayekulaumu. Naomba unijibu tu swali lile, ndani au juani, kwa sababu sasa nataka kujua mimi.

Mama anakusalimu na anakuombea kila anapolala. Bonge anakusalimu, shangazi pia, japo bado analalamikia ile losheni aliyoambiwa akanawe. Mungu akuepushe na mabaya huko uliko na akupe watu wema wa kukaa nao.

Baba hajanituma salamu. Amesimama mlangoni tangu nianze kuandika, na ameshauliza mara mbili kama posta hufunguliwa mapema.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako wa kike