Mke Wangu Anataka Kuonyeshwa Hawara Ambaye Hayupo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mimi ningeisoma barua hii ikiwa ya mtu mwingine ningeshika mbavu, lakini maji yamenifika shingoni na Jumamosi haiko mbali.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto, mkubwa keshaoa, na kazini ni msimamizi wa bohari, wapakiaji wananiita Ndita kwa sababu wanasema hawajawahi kuona uso wangu umekunjuka, na jina hilo silichukii, linasaidia kazi iende. Sasa siri yangu ni hii, na hata kuiandika naona haya: natengeneza treni. Si treni za kweli, ni treni ndogo za maboksi na bati, zenye mota nilizochomoa kwenye redio za kaseti mbovu, zinapita kwenye reli niliyoiunga mwenyewe, zinaingia handakini, zinasimama stesheni yenye taa na abiria wa njiti za kiberiti, na kwa ajili hiyo tu nimepanga chumba cha uani nyuma ya kinyozi, mtaa wa pili kutoka nyumbani, nikitoka kazini napita huko, nalala kifudifudi sakafuni na kitambi changu chote, nazitazama zikipita usawa wa macho, na honi, mshauri wangu, honi naipiga kwa mdomo.

Mabehewa nayapaka rangi ya kucha kwa sababu inang'aa na haibanduki, nyekundu hasa, madirisha nayachora kwa brashi za wanja, na vitu vidogo navishika kwa kibanio cha kung'olea nyusi. Sasa hebu jiweke mahali pa mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajapaka kucha tangu nimjue maana anasema rangi itachafua vitambaa vya watu, anachukua koti langu kulifua anakuta mfukoni chupa ya rangi ya kucha iliyotumika nusu, na hata hajapumua vizuri jirani anakuja kumwambia, "Mumeo nimemwona anafungua chumba kule kwa kinyozi, ana ufunguo wake kabisa."

Aliniuliza kwa upole, "Baba watoto, ni nani?" Nikamwambia sijui unaongea nini. Akamwita kaka yake, akamwita na dada yangu, tukakaa sebuleni, shemeji akasema, "Shemeji, mimi na wewe ni wanaume, sema tu. Yupo?" Nikaangalia zulia. Ukweli ulikuwa umeshafika ulimini, nikawaza shemeji huyu anavyopenda kusimulia, atasema Ndita mzima anacheza na vitreni kama mtoto, nikajikuta natamka, "Nitamwacha."

Dada yangu akaguna. Mke wangu hakupiga kelele, alifuta macho kwa upindo wa gauni, akasema mbele yao kwamba amenisamehe kwa ajili ya watoto, ila anauliza kitu kimoja tu, huyo mwanamke ana nini ambacho yeye hana.

Ningekuwa na haya ningekoma hapo. Habari zikafika kazini, sijui kwa mdomo wa nani, na badala ya kudharauliwa nikapandishwa hadhi, dereva wa lori akanikonyeza, "Mzee, kumbe nawe umo!" na mimi nikatabasamu, mshauri, nikatabasamu, halafu mlinzi wa getini akanivuta pembeni kuniuliza mtu anawezaje kuwa na wawili bila vurugu, nami nikampa ushauri, tena mrefu. Na ni mimi huyu huyu niliyemwaibisha mhasibu wetu, mama mwenye heshima zake, mbele ya ofisi nzima kwa kuweka sanamu ndogo za katuni juu ya kompyuta yake, nikamwambia hapa si chekechea, na nikacheka kuliko wote, huku vidole vyangu vina rangi ya behewa.

Juzi nimerudi nyumbani nimemkuta mke wangu amepaka kucha nyekundu. Amezipaka vibaya, rangi imevuka mpaka kwenye ngozi, na nilipoingia akazificha chini ya kitambaa alichokuwa anashona.

Sasa amesema Jumamosi nimpeleke kwenye kile chumba amwone huyo mwanamke kwa macho yake, waongee kama watu wazima, la sivyo anafunga mizigo anarudi kwao. Nimewaza nitafute mwanamke, nimlipe kidogo, akae pale aseme tumeachana, yaishe. Nifanye hivyo, au nimwonyeshe treni nidharaulike nyumbani na bohari nzima? Nisaidie, sina pa kuuweka uso wangu.

Ndita

MSHAURI ANAJIBU

Ndita, nimecheka. Uliniomba nisicheke nikashindwa, hiyo honi ya mdomo imeniweza. Nimecheka mpaka nilipofika kwenye zile kucha, hapo nikaacha.

Hilo la kukodi mwanamke litoe kichwani sasa hivi. Yaani hawara hukuwa naye, ukamtunga, na sasa unataka kumlipa aje amtazame mkeo usoni! Hivi uliliwaza hilo ukiwa umekaa, au ndiyo umelala kifudifudi?

Treni zako hazina ubaya. Wenzako wanashinda mbele ya televisheni wakimtukana refa asiyewasikia, na hakuna anayewaita watoto. Mtu akitoka kwenye kazi ya kukunja uso kutwa, anahitaji pa kuukunjulia. Ungeniandikia hilo tu ningekujibu mistari miwili nikaenda zangu kuchemsha chai.

Lakini ulikaa kwenye kiti ukamtazama mkeo analia, ukaona heri aumie yeye kuliko uchekwe wewe. Ile aibu uliyoikimbia haikupotea, bwana, umemvika yeye. Hebu mfikirie, akienda kununua uzi watu wanamtazama kwa huruma. Wateja wake wananong'ona, akiinua kichwa wananyamaza. Jirani naye anamuuliza hali kila asubuhi kana kwamba kafiwa. Wewe huko bohari unakonyezwa na madereva, unagawa ushauri. Nimekuonea huruma, kweli, maana najua dharau ya watu inavyokata maini, lakini hapo umenikera sana.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumamosi. Ukimaliza kusoma hapa mfuate, mwambie, "Twende." Usimweleze njiani, hatakuamini, keshadanganywa vya kutosha. Fungua mlango, washa taa za hiyo stesheni yako, kaa pembeni, nyamaza. Akicheka, mwache acheke, ni haki yake. Atakapokasirika, na atakasirika, usithubutu kumwambia, "Kumbe hakuna mwanamke, sasa unalia nini?" Ukitamka hivyo usiniandikie tena. Akikuuliza kwa nini, jibu ni, "Niliona aibu." Usiongeze neno.

Kisha mwite shemeji na dada yako, sebuleni pale pale, useme uliyoyafanya huku mkeo amekaa anasikia. Shemeji atasimulia, na asimulie.

Kazini anza na yule mhasibu. Ulimwaibisha mbele ya ofisi nzima, basi muombe radhi mbele ya ofisi nzima, na umwambie na wewe una zako. Yule mlinzi mwambie ulikuwa huna unalolijua, kabla hajavunja nyumba yake kwa ushauri wako. Watakucheka, sikufichi. Watakucheka mpaka wachoke, halafu lori litafika na mzigo utapakiwa kama kawaida.

La mwisho ndilo zito. Mkeo alikusamehe mbele za watu kosa ambalo hukulifanya. Lile ulilomfanyia, hajui hata kama lipo. Nenda kamwambie leo, ukijua kwamba hili anaweza asilisamehe.