Shimo la Upande wa Nani

Mghoi, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Mkamburi ametumbukia chooni leo. Yule mdogo wa darasa langu la chekechea, anayeimba hata akinywa uji. Yuko hai. Nimeanza na hilo usije ukashtuka.

Si unajua choo chetu kiliporomoka na mvua, na hedimasta akavipiga kufuli vile vya shule ya msingi ili wangu wasivitumie? Nilipomwendea kuomba funguo alinijibu mbele ya walimu, huku anacheka: "Madam, shule ya msingi ni ya serikali kuu, chekechea ni ya kaunti. Hao ni watoto wa gavana. Wacha gavana awachimbie choo." Kaunti nao wakaniambia nisubiri bajeti.

Leo haja ikambana mtoto, akaenda kwenye shimo lile lile la choo kilichoporomoka.

Mpishi wa shule ndiye aliyemtoa, kwa kamba ya ng'ombe.

Nilikuwa namwosha pale mferejini, anatetemeka, hedimasta akaja. Funguo za vyoo zinaning'inia kiunoni. Nikadhani atauliza kama mtoto ameumia.

Akauliza, "Madam, hilo shimo liko upande wa nani?"

Upande wa nani, Mghoi. Upande wa nani.

Na mimi sikumtukana. Hata machozi hayakuja. Nilimjibu kama mtu aliyeulizwa saa: "Liko upande wa kaunti, mwalimu."

Akashusha pumzi kama aliyetua mzigo, akaenda zake.

Nami nikaendelea kumwosha mtoto wa gavana.